Ndege Juu ya Spika

Devota alikuwa nje anamwagia maji vumbi la mbele ya duka aliposikia sauti yake ikiimba ndani, na mdomo wake alikuwa ameufunga.

Alisimama na ndoo mkononi. Ilikuwa sauti yake kabisa, ile ya juu inayokatika mwishoni kama kamba. Chini yake kulikuwa na sauti yake nyingine inaguna, na chini ya hiyo makofi yake na mlio wa debe. Aliipiga asubuhi moja wakati duka halina mtu, akacheka peke yake, akaifuta. Au alidhani ameifuta. Sasa ilikuwa inatoka kwenye zile spika kubwa ambazo Remigius hukodisha kwa watu wa harusi, na vijana wa bajaji upande wa pili wa barabara walikuwa wanatingisha vichwa.

Remigius, mwenye duka na mwenye spika, akatoka anacheka huku anazungusha flashi kidoleni.

"Nimekunasa," alisema. "Siku ile ulidhani nimeenda sokoni, kumbe niko stoo. Flashi ilikuwa kwenye miksa, inameza kila kitu. Unajua Jumamosi tunapiga wapi?"

Devota alitikisa kichwa.

"Uwanjani. Sherehe ya wakulima ya kumaliza mavuno. Nimewaambia ninaye mwanamuziki ana kitu ambacho Ifakara nzima haijawahi kusikia. Wamekubali."

Moyo wa Devota uliruka, ukarudi vibaya.

"Mwanamuziki nani?" aliuliza.

"Kabula."

Kabula alikuwa binti wa Kisukuma, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Baba yake alishuka na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa zamani, wakakaa upande wa Malinyi. Siku hizi Kabula alikuwa anacheza mbele ya bendi kwenye harusi, na Remigius alikuwa anamwita kila alipotaka watu wasimame kwenye viti.

"Atashika maiki iliyozimwa," Remigius aliendelea. "Atafungua mdomo, flashi itaimba. Wewe utakaa nyuma ya spika, unaangalia nyaya. Nikikupa ishara, unabonyeza. Basi."

"Sitaki."

Remigius aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Nini?"

"Hiyo ni sauti yangu. Sitaki."

"Tuambizane ukweli, Devota. Wewe ukisimama mbele ya watu utafanya nini? Hata shikamoo unaitoa kama umeiazima kwa jirani. Sauti ni sauti. Kama ipo kwenye flashi, mdomo wa nini?"

"Watazoea," Devota alisema.

"Nani watazoea?"

"Ndege."

Remigius aliwaangalia vijana wa bajaji kama anawaita mashahidi. "Ndege! Nakwambia uwanja, yeye ananiambia ndege!"

Wakacheka wote. Devota alimwaga maji yote ya ndoo mahali pamoja, akaingia ndani.

Kifaa kilichoshika sauti zile kilikuwa pale pale kilipo siku zote, chini, kinazuia mlango. Kilikuja na maboksi ya vyombo vya muziki vilivyotumika kutoka Dar. Kilikuwa cha bati zito, kina sehemu ya kukanyaga kwa mguu, taa nyekundu na virungu viwili vya kuzungusha. Remigius alikigeuza huku na huku, akasema ni cha mpiga gitaa na yeye hana gitaa, akakipa kazi ya mlango. Devota ndiye aliyekifuta vumbi na kukichomeka. Aliguna kwenye maiki, akakanyaga, akakanyaga tena, na mguno wake ukamrudia kutoka kwenye spika. Alirudi nyuma mpaka akaangukia viti vya plastiki. Alipoinuka, mguno bado unazunguka. Akakipa jina hapo hapo: Kasuku.

Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa mguu. Ukikanyaga mara ya kwanza, Kasuku anashika. Ukikanyaga tena, anaanza kurudia, na anarudia mpaka uchoke. Ukikanyaga ukaimba juu yake, anaweka sauti mpya juu ya ile ya kwanza, kama mtu anayepanga mikeka. Ukishikilia kidogo, anavua ule mkeka wa juu. Ukishikilia sana, anasahau yote. Na kirungu cha kushoto kilifanya sauti za zamani zififie kila zinapozunguka, hivyo ukiacha kuimba, muda si mrefu unabaki na ukimya.

Kirungu hicho ndicho alichokipenda zaidi, maana alikijua tangu utotoni.

Kwao Idete, mpunga ukianza kuweka maziwa, ndege wanakuja na jua. Kengele ya shule nayo inalia na jua. Devota alikuwa darasa la tano mwaka ambao mama yake, Klementina, alimwambia apande dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga, kwenye shamba la bondeni, akapanda, na shuleni hakurudi. Kazi ya kuamia ndege, yaani kuwafukuza, ni kelele. Kutoka kwenye dungu lake alivuta kamba za makopo, akapiga debe, akaita. Mama yake aliitikia kutoka shamba la juu. Jirani aliipokea ile sauti akaipeleka mbele, na mwingine, na mwingine, mpaka sauti ikazunguka bonde lote na kumrudia Devota ikiwa imekonda na kubadilika, imebeba midomo ya watu wengi. Naye akaiongezea kitu, akaituma tena. Mtu hakumwona mwenzake. Walisikilizana tu. Kwa mtoto anayeona haya kutazamwa, ilikuwa kazi nzuri.

Msimu uliopita alipoenda kumsaidia mama yake, alimwomba Remigius amruhusu aende na Kasuku. Akabeba na spika ndogo na betri ya gari. Alipanda dungu, akaita, akapiga debe, akakanyaga, akamwacha Kasuku aite peke yake. Spika ilipiga kelele kuliko watu wote wa bonde. Ndege waliondoka kama moshi. Majirani wakalalamika kwamba wote wamehamia kwao. Devota alishuka, akaenda kupika huku anatembea kama mtu aliyejengewa nyumba.

Siku zilizofuata ndege walirudi, kwanza wakazunguka juu, halafu wakashuka kwenye kingo. Siku moja alipeleka ugali shambani akawakuta wamepanga mstari juu ya spika. Spika inapiga kelele, na wao wametulia juu yake. Mmoja alikuwa anafutia mdomo kwenye mpini.

Klementina alicheka mpaka akakaa kwenye tope.

"Mwanangu, umewaletea kiti!"

"Lakini inaita, mama. Inaita kuliko wewe."

"Inaita, ndiyo. Lakini inamwangalia nani?" Mama yake alijifuta machozi kwa mkono wenye tope. "Mimi naita huku namtazama ndege. Akitulia, nabadilisha. Akiinuka, namsindikiza. Hicho chako hakijui kama wamekuja au wameondoka."

Tangu siku hiyo Devota hakumwacha tena Kasuku azunguke peke yake. Mguu wake ulikaa karibu, na kila mzunguko alitoa kitu au akaongeza kitu. Kile ambacho Remigius alikinasa kwenye flashi kilikuwa mzunguko mmoja wa asubuhi moja, wa duka tupu.

Jioni ya siku ile ya flashi mama yake alipiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kikundi chetu tunakuja Jumamosi na lori. Nasikia hao wa muziki ni kwenu. Na wewe utapiga?"

Devota aliangalia mlango. Kasuku alikuwa amerudishwa kwenye kazi yake.

"Nitapiga," alisema.

Jumamosi asubuhi, alipokuwa anapakia nyaya kwenye gari, alimwokota Kasuku mlangoni, akamficha chini ya nyaya pamoja na debe lake. Mlango aliuwekea tofali.

Uwanja ulikuwa umejaa kabla jua halijaanza kuteremka. Jukwaa lilikuwa tela la trekta lililofungwa vitenge pembeni. Kina mama wa vikundi walikaa kwenye magunia, kila kikundi na kitenge chake, na moshi wa perege wa kukaanga ulipita juu ya vichwa vyao. Devota alijipanga nyuma ya spika, juu ya tela, kwenye kivuli. Alichungulia kwenye upenyo kati ya spika na spika, akamwona mama yake mstari wa mbele, kajifunga kilemba cha njano.

Kabula alikuja akachuchumaa kando yake anapaka mafuta mdomoni.

"Shosti, mimi nimeambiwa nifungue mdomo tu. Wimbo gani huu hauna maneno?"

"Ni kelele za kufukuza ndege."

"Kumbe! Sisi hatuna muda na ndege. Sisi tunaita ng'ombe."

"Tunajua," Devota alisema. "Mpunga wanaoubakiza ndege, ng'ombe wenu wanamalizia."

Kabula alimtazama, kisha akaangua kicheko. "Hee! Kumbe una mdomo! Mwaka mzima nakusalimia unaitikia kwa nyusi, kumbe umeficha wembe!"

Akaweka vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi mdogo, wa kupanda na kushuka, ule wa kumgeuza ng'ombe anayeongoza. Mguu wa Devota ulijikunja wenyewe ukitafuta kitu cha kukanyaga.

"Nani ameimba hii?" Kabula aliuliza. "Remigius kasema ni mtu wa Dar."

"Ni mimi."

Kabula aliacha kupaka mafuta. Alikuwa bado anamwangalia wakati Remigius aliposhika maiki kule mbele na kutangaza, kwa sauti ya mtu anayeuza dawa, kwamba sasa wanamleta binti mwenye koo la ajabu, koo moja lenye watu kumi ndani, Kabula! Watu wakapiga vigelegele. Kabula akasimama, akavuta gauni, akaenda. Remigius akateremka, akageukia nyuma ya spika, akashusha mkono. Ndiyo ishara.

Devota aliichomoa flashi kwenye miksa, akaifunga kwenye pindo la khanga yake. Akavuta nyaya pembeni, akamchomeka Kasuku. Akamsogeza karibu na mguu. Akashika maiki ya akiba. Akaita.

"Huu-laa!"

Kabula alifungua mdomo vizuri, kwa wakati. Devota akakanyaga, sauti ikaanza kuzunguka. Akaongeza mguno. Akapiga kofi kwenye bati la tela. Mbele, Kabula alikuwa anatingisha mabega na watu wanamfuata. Kwa mzunguko mmoja au miwili mambo yalikuwa kama Remigius alivyotaka.

Halafu Devota akabadilisha. Alivua ule mwito wa juu, akauweka mpya, mrefu, uliopanda ghafla. Mdomo wa Kabula ulibaki kwenye ule wa zamani. Akaukimbilia mpya, Devota akaukata. Kabula akafunga mdomo, na sauti ikaendelea kuimba.

"Huyo anaimba kwa pua!" mtu alipiga kelele.

"Flashi hiyo! Tumeletewa flashi!"

Kicheko kilianza upande wa bajaji kikaja mbele. Wengine waliinuka. Kabula alisimama katikati ya tela na maiki yake iliyokufa, na Devota alimwonea huruma, lakini hakuacha. Remigius alipanda tela kwa magoti, suruali imeshika tope, akajiinamisha nyuma ya spika karibu kabisa na uso wake.

Devota alimwekea maiki mdomoni. Akakanyaga.

"Zima! Zima hicho kitu, Devota!"

Akakanyaga.

*Zima! Zima hicho kitu, Devota!* spika zikasema. *Zima! Zima hicho kitu, Devota!*

Remigius alishtuka kama aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona. Alifungua mdomo aseme kitu, akaona maiki bado iko pale, akaufunga. Mzunguko wa kwanza uwanja ulitega masikio. Mzunguko wa pili ukalipuka. Watoto walianza kuruka na ile "zima, zima". Vijana wa bajaji walikuwa wanapigana mabega. Devota aligeuza kirungu, sauti ya Remigius ikaanza kufifia, na kila inaporudi akaifunika mwanzo kwa debe, mpaka likabaki neno la mwisho tu: *Devota. Devota.*

"Nani Devota?" watu waliuliza.

Mama mmoja mwenye kilemba cha njano akasimama kwenye gunia lake. "Ni wangu!" Klementina alisema. Kisha akaweka viganja mdomoni, akaitikia kama anavyoitikia shambani.

"Huu-laa-hee!"

Kina mama wa Idete wakaupokea. Kikundi cha pili kikaupokea kutoka kwao, na cha tatu, maana hapakuwa na mwanamke pale ambaye hakuwahi kupanda dungu. Mwito ukaanza kuzunguka uwanja. Nyuma ya spika Devota aliusikia unapita na maiki yake haiufikii. Akajaribu kuinyoosha. Waya ulikuwa mfupi upande ule. Ili aushike, ilibidi atoke.

"Ukitoka hapo," Remigius alisema kwa sauti ya chini, akiikwepa maiki, "kwangu huna kazi. Nakwambia mapema."

Devota alimwinua Kasuku kwa mikono miwili kama sufuria ya moto, akatoka naye kwenye jua.

Hakusimama katikati. Alikaa ukingoni mwa tela, miguu inaning'inia upande mmoja, kama alivyokaa kwenye dungu miaka yote ile, Kasuku kando yake chini ya kiganja, maana mguu haukufika. Hakuangalia nyuso. Nyuso zingemmaliza. Aliuangalia uwanja kama mtu anavyoangalia shamba: wapi wametulia, wapi wanataka kuruka. Kule kwa wakaanga samaki walianza kutulia, akawabadilishia. Mwito wa kina mama ulipofika upande wake aliunyooshea maiki, akabonyeza, akaushika, akautupa tena juu yao ukiwa umekunjwa na sauti yake, nao wakaitikia juu ya midomo yao wenyewe. Walipojisikia, walicheka wakiita.

Remigius alikuwa anaelekea kwenye jenereta. Kabula akasimama mbele yake, mikono kiunoni, mrefu kumzidi.

"Toka njiani."

"Bosi, jina umelitaja mwenyewe. Sasa unataka kulizima?"

Halafu Kabula akaiacha maiki yake iliyokufa pale chini, akachuchumaa kando ya Devota, akatia vidole viwili mdomoni na kupiga mluzi wa ng'ombe, safari hii kwa nguvu zote. Kutoka pembeni ya uwanja, walikosimama wafugaji na fimbo zao, mluzi mwingine ukajibu. Mmoja wa kina mama akasema kwa sauti, "Haya, na leo wameingia shambani!" na kicheko kikaingia ndani ya mzunguko pamoja na mluzi, na Devota hakukitoa.

Alipoona wameshiba, kabla hawajatulia, alianza kuvua. Alivua mluzi. Akavua kina mama, wakaendelea wenyewe kidogo bila spika. Akavua debe. Mwisho ilibaki sauti ya Remigius, imekonda sana, inatoka mbali: *Devota.* Akabonyeza, akashikilia, mpaka taa nyekundu ikazimika.

Makofi hayakuwa ya kumshangilia mwimbaji. Yalikuwa yale ya kufukuza ndege, ya viganja na magunia na vifuniko vya sufuria.

Remigius alimfuata nyuma ya tela. Hakuwa anapiga kelele tena.

"Hiyo ya leo nipe," alisema. "Ukinipa, tunasahau yote. Jumatatu unakuja kazini kama kawaida."

"Haipo."

"Ipo kwenye mashine."

"Nimeifuta."

"Umefuta?" Alimnyang'anya Kasuku, akabonyeza kwa mkono, akasikiliza. Kimya. "Watu wote wale wameruka, na wewe umefuta?"

Devota alifungua pindo la khanga, akampa flashi.

"Hii ya zamani kaa nayo."

"Nitaipiga! Nitaipiga kila harusi mpaka Malinyi, utanifanya nini?"

"Ipige, kaka Remi. Watazoea tu." Akanyanyua macho, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi kwake. "Na mlango nimeuwekea tofali. Kasuku siyo tofali."

Akaondoka mikono mitupu. Mama yake alimsubiri kwenye lori la Idete, na Kabula alikuwa ameshapanda bila kualikwa, kakaa kwenye gunia anakula perege wa mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kumbe ulisema kweli." Klementina alimshika mkono, akamvuta juu. "Sasa utapigia nini, na mashine umemwachia?"

"Nilianza bila mashine," Devota alisema.

"Na mimi nina mdomo," Kabula alisema, mdomo umejaa. "Wabeja, mama, asante kwa samaki."

Uwanjani spika zikanguruma. Remigius alikuwa ameichomeka flashi. Sauti ya Devota, ile ya asubuhi ya duka tupu, ikatoka kubwa juu ya uwanja wote, ikazunguka, ikarudi, ikazunguka. Watu wachache waligeuka, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao. Mzunguko wa nne au wa tano, mzee mmoja alikokota baiskeli yake mpaka mbele ya tela, akaiegemeza kwenye ile spika inayopiga kelele, akaketi mgongo wake umeiegemea, akaanza kuchambua mwiba wa samaki taratibu.

Klementina alimwona. Akamgeukia binti yake, akanyoosha kidole aseme kitu, kicheko kikamkatisha, ikabidi akae kwenye gunia.

Lori likaondoka. Nyuma kabisa ndani ya lori mwanamke mmoja akaita, na Devota akaitikia kabla ya wengine.